Mchumba Wangu Amefuta Alama Yangu ya Kuuliza

Munyaka, Eldoret
Machi 1989

Mpendwa Nyanya mshauri,

Naomba msaada kabla ya Jumamosi, siku ambayo wazee wa mchumba wangu Nyongesa wanakuja kwetu kuniuliza kama nakubali kuolewa, na sisi wawili hatusemezani, na Nyanya usicheke, tumekosana kwa ajili ya kompyuta mpya ya kiwanda cha maziwa tunapofanya kazi, tunaiandikia maagizo kwa lugha inayoitwa C, na mimi napenda kuandika kwa ufupi na alama ya kuuliza, hivi: pipa = safi ? 1 : 2, yaani maziwa yakiwa safi pipa la kwanza, yasipokuwa safi la pili, basi, mstari mmoja mtamu, na utamu ukanipanda kichwani nikaandika kila kitu hivyo, hata kazi za maziwa yaliyochacha, piga kengele, funga bomba, andika jina la mkulima, swali ndani ya swali, Nyongesa akashindwa kusoma, akafuta yote nikiwa kwa chai, akaandika upya kwa "if" na "else", yaani "ikiwa" na "la sivyo", mpaka chini, hata pipa langu akalifanya mistari minne, akaniambia, "Mwihaki, sitaki kuoa kitendawili." Je, niwaambie wazee wasije?

Mwihaki

Nyanya anajibu:

Wasije? Shika adabu, msichana. Nimesomewa barua yako nikacheka mpaka Hulda, mke wa mwanangu, akaninyang'anya kikombe.

Kompyuta sijaiona, lakini kuagiza watu nimeagiza tangu mamako hajazaliwa. Nikimwambia Hulda, kukiwa na maziwa niletee chai, yakikosa niletee uji, kinachorudi ni kikombe kimoja. Hapo ufupi unatosha, na huyo Nyongesa aache kumaliza karatasi kwa kikombe kimoja. Lakini nikienda kanisani nimwachie ng'ombe mwenye mimba, namwambia polepole: akianza kuzaa, mfunge, chemsha maji, mwite jirani, asipozaa, mkatie majani, fagia boma. Hizo ni kazi. Nikizibana kwa pumzi moja nitarudi nikute maji yamefungwa kamba na ng'ombe yuko kwa sufuria.

Wewe ulifupisha ili Nyongesa ashangae. Ameshangaa, sasa unalia. Naye kufuta kazi ya mtu akiwa kwa chai ni kukosa adabu, mwambie nimesema.

Kesho keti naye. Mstari wa pipa urudi vile ulivyokuwa. Kazi za maziwa yaliyochacha ziachie if yake, moja moja, hata mgeni azisome. Kisha nenda ukasukwe nywele.

Jumamosi wazee wakikuuliza unamtaka au humtaka, usiwaanzishie if. Kinachotakiwa kutoka ni kimoja tu. Kitoe kwa mstari mmoja, kisha ukawapakulie chakula.