Wifi Anarudisha Makochi Jumamosi, na Meza Yangu ya Useremala Haitoki

Mpendwa Mama Mshauri,

Salamu nyingi kwa jina la Mungu aliye hai. Hujambo mama, na walio nyumbani kwako hawajambo? Mimi huku ni mzima, mgongo tu ndio unalalamika, lakini mgongo wa mtu anayefanya kazi haukosi neno, na hata kwa hilo namshukuru Mungu.

Mama, mimi ni mke wa mtu, watoto wetu wamekua kila mmoja yuko kwake, tumebaki wawili katika vyumba viwili, kimoja cha kulala na kimoja sebule, na hiyo sebule miaka yote ilijaa makochi makubwa yaliyofunikwa vitambaa, yakisubiri wageni ambao hawaji, na mimi nikiyapangusa kila asubuhi kama nayaogesha. Baba yangu mzazi alikuwa seremala, nilikua nikimshikia ncha ya ubao, hakunifundisha kwa mdomo lakini mikono yangu iliona, basi alipoolewa kitinda mimba wetu nikamwomba Mungu anionyeshe la kufanya na mikono hii, nikaona jibu lipo pale pale sebuleni, limekaliwa na makochi.

Nilimwambia mume wangu, akasema, "Fanya unavyoona," nami nikafanya nilivyoona. Makochi yakaenda kwa wifi yangu, dada yake mume, anayekaa mtaa wa pili, na mahali pake nikajenga meza ya kazi ya mbao nzito, nikaifungia jiriwa ya kubania mbao, misumeno na randa nikavitundika ukutani. Sasa natengeneza stuli, rafu za vyombo, vitanda vya watoto, majirani wananiita Fundi, na nisikufiche mama, jina hilo linaniingia vizuri.

Mwiba ni wifi. Kila akija husimama mlangoni ameinua gauni lisishike maranda.

"Wifi, hapa ni nyumbani au kiwandani?"

"Kote kuwili," namjibu. "Karibu ukae."

"Nikae wapi?"

"Hapo kwenye mbao. Angalia misumari tu."

Mume wangu yeye, siku hizi akirudi kutoka kazini anageuza ndoo pale uani, anaikalia, anakula chakula chake.

Sasa wiki iliyopita Mungu akanijaribu. Binti mmoja anayejiandaa kuolewa aliniagiza kabati la nguo, nikalitengeneza likapendeza mpaka nikaimba, akaja na vijana wa mkokoteni kulichukua, na kabati likakataa kutoka mlangoni. Wakalilaza, wakalisimamisha, wakaliinamisha, wapi! Nilikuwa nimepima kila kitu, mama, isipokuwa mlango. Na nani atokee saa hiyo kama si wifi, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Wifi, mzoee tu huyo, ndiye mgeni wako wa kudumu!"

Damu ilinichemka. Nikachukua msumeno, nikasema, "Ee Mungu nishike mkono," nikalikata lile kabati katikati mbele yao wote, binti wa watu akipiga kelele, "Mama, kabati langu jamani!" Vipande viwili vikapita mlangoni bila kugusa popote, nikaenda navyo mpaka kwake, nikaviunga kwa skrubu, nikabandika ubao mwembamba juu ya kiungo, na yule binti akalipenda kuliko mwanzo.

Jioni mume wangu akasema, "Dada anasema makochi yamemjazia nyumba. Jumamosi ya mwisho wa mwezi anayarudisha. Hiyo meza ivunje." Nikamwambia, "Siivunji." Tangu hapo tunasalimiana kama wapangaji.

Sasa mama, sikuulizi kama niache. Siachi. Mungu hakunipa mikono hii ya kupangusa makochi. Nakuuliza, Jumamosi wifi akifika na mzigo wake nimfungie mlango, au nifanyeje? Tafadhali nijibu haraka.

Ni mimi,
Fundi wa Sebuleni

*

Fundi wa Sebuleni,

Mimi ni mzima, asante. Pole kwa mgongo na hongera kwa msumeno. Habari ya kabati nimeisoma kwa sauti hapa ofisini, watu wameacha kazi wakacheka. Sebule ilikuwa haikaliwi wala hailaliwi, wewe umeitia uhai. Hapo niko upande wako na sitoki.

Sasa tulia nikuseme. Wifi umempa nusu ya barua. Mumeo umempa mistari michache, na katika mmoja wapo anakula juu ya ndoo. Dada yangu! Mtaa mzima umepata stuli kutoka mikononi mwako, mumeo mwenyewe anakalia ndoo, na hujaona kitu? Wifi anapigania sebule yake, wewe unapigania yako, huyo mwanamume anapiganiwa na nani? Amesema uvunje meza kwa sababu hakuna aliyemwonyesha njia nyingine.

Njia ipo. Meza usiivunje, ipunguze. Punguza upana, ifunge ukutani kwa bawaba, miguu ya mbele iwe ya kukunja. Ukimaliza kazi, fungua jiriwa, kunja meza, fagia maranda, chumba kiwe cha watu. Mbao ndefu zipandishe karibu na dari. Kukata, kupiga msasa na kupaka vanishi fanyia uani, maana vumbi lile na harufu ile mnavivuta wote wawili usingizini. Na kitu kikubwa usikiunge tena ndani. Tengeneza vipande, uviunge kwa mteja. Hilo umeshaliweza kwa hasira, sasa liweze kwa mpango.

Kabla ya Jumamosi zungumza na mumeo, wewe na yeye tu. Muulize anataka kukaa wapi katika chumba hicho. Akijibu, usimkatize. Mahali atakapoonyesha, mtengenezee kiti chenye mgongo na mikono, tena kabla ya oda ya mtu mwingine yeyote, hata kama mteja analia mlangoni.

Wifi usimfungie mlango. Mungu hatapenda, na majirani watapenda mno. Mkaribishe, mpe maji, mshukuru kwa kuyatunza makochi. Kisha atakapouliza makochi yawekwe wapi, wewe nyamaza. Najua itakuwa kazi kwako, lakini nyamaza. Jibu hilo ni la mumeo, ndiye ndugu yake. Kama mmezungumza vizuri, atamwambia mwenyewe kwamba hayaingii, ayauze au ayagawe. Na akishindwa kusema siku hiyo, rudini kuzungumza, lakini meza ibaki ukutani.

Mungu awasimamie. Niandikie mapema uniambie alisema nini.

Mama Mshauri