Shemeji Yako na Gari la Mombasa

Mponde, Bumbuli,
Lushoto.
6 Februari 2025

Mpendwa kaka Amiri,

Assalamu alaikum, na shikamoo. Mnaendeleaje huko Mombasa na joto lenu? Mgongo wa wifi Nasra umepoa? Na watoto wanasoma vizuri? Sisi huku ni wazima, ila kiangazi kimekaza na karoti tunazimwagilia asubuhi na jioni. Mimi mimba yangu imetimiza miezi saba. Nategemea kujifungua Aprili, masika yakiwa yamepamba moto.

Barua hii anakuletea Mwanaidi, jirani yetu, anayekuja huko harusini kwa dada yake. Usishangae sikupiga. Simu yangu ilitumbukia kisimani, iliyobaki ni ya shemeji yako Saidi, naye haiachi mkononi.

Kaka, mume wangu hatulii. Tangu umtumie picha za ile Probox ya laki saba za Kenya, kila siku kabla hajanawa uso anauliza shilingi yenu imeamkaje. Desemba ilikuwa kumi na nane na nusu ya kwetu, akasema tungoje ishuke zaidi. Ikapanda. Sasa inakaribia ishirini, anasema tungoje irudi. Ikishuka tunangoja, ikipanda tunangoja, na mimi tumbo halingoji.

Ushuru wa kulivusha gari pale Horohoro hautii kwenye hesabu zake. Nikimkumbusha ananuna, ananiambia mambo ya forodha nimwachie yeye. Basi nimemwachia, nachambua maharage yangu.

Tanga ipo Probox kama hiyo hiyo, milioni kumi na tano, imeshalipiwa kila kitu. Hela tunayo, ya karoti na ya ng'ombe tuliouza. Mwenye nayo, mzee Kornelio, atatuwekea hadi mwisho wa mwezi huu, baada ya hapo anampa mtu mwingine. Saidi anasema huko ni kuibiwa mchana kweupe.

Unakumbuka ya mwaka juzi. Uchungu ulinishika mvua inanyesha, gari la karibu lilikuwa limelala Soni, wakanibeba kwa machela hadi barabarani. Mtoto alifika hospitali hana uhai. Hukuwahi kuambiwa hili: hata wakati ule hela ya gari ilikuwepo ndani. Saidi alikuwa anangoja bei.

Simchukii. Ni mtu wa kubana, na kubana kwake ndiko kulikotujengea nyumba hii. Lakini habari ya yule mtoto hataki kuisikia. Mimi naona anaogopa kwamba akinunua leo kwa bei yoyote, atakuwa amekubali kuwa hata siku ile angeweza kununua. Ndiyo maana anazungukazunguka na hesabu, na wewe kila wiki unamtumia picha nyingine. Naomba uache, kaka. Nimechoka, na naogopa.

Ijumaa akitoka msikitini atakupigia, kama kawaida yake. Mwambie lile gari limeuzwa. Mwambie Mombasa nzima bei zimepanda, na kwamba ungekuwa wewe ungeenda Tanga kesho. Wewe ndiye mkubwa, atakusikia. Najua hujazoea kusema uongo, mama alitulea hivyo. Huu useme kwa ajili yangu, na kama kuna dhambi, mimi nimeshakubali kuibeba.

Nisalimie wifi Nasra na wanao wote, na shangazi Zuhura ukienda Likoni. Mama anakusalimu sana. Haya ya barua hayajui, anajua tu nimekuandikia.

Mwenyezi Mungu akulinde wewe na nyumba yako, na atujaalie nikuandikie tena nikiwa na mtoto mapajani.

Mdogo wako akupendaye,
Zakia