Mume Wangu Aliipiga RAM Tupa

Mpendwa Mama Kui, sijui hata nianzie wapi, lakini naomba unishike mkono kwa sababu hapa Mwiki nimebaki na kompyuta iliyokufa na mume anayetaka kuondoka, na sijui nililie kipi kwanza.

Mimi hutengeneza vitabu vya mazishi, zile programu zenye picha ya marehemu na wasifu na nyimbo, na ndiyo kazi inayotulisha tangu mume wangu Kyengo aachishwe kazi ya ufita, ya kufunga na kurekebisha mitambo, kwenye kiwanda kimoja huko Thika. Kompyuta yangu ni ya mezani, ya zamani, na nikiweka picha nyingi ilikuwa inaganda mpaka nachemsha chai na kuinywa kabla haijaamka, watu wakaniambia ongeza RAM, nikajipanga niende Ruiru, na nikiwa mlangoni Kyengo akaniambia nibebe ile ya zamani kama sampuli, vile watu hubeba nati wakienda hardware, nikacheka nikamwambia hii si nati, hii ni teknolojia, nikaenda dukani nikaomba RAM ya GB nane, nikauziwa, nikarudi nikiimba.

Mama Kui, ile kitu ilikataa kuingia! Urefu ni ule ule, lakini lile pengo dogo lililokatwa ukingoni mwake chini halikuangukia mahali pake kwenye mashine. Nikamwachia Kyengo aiangalie, mimi nikaenda mazoezi ya kwaya, na niliporudi nikamkuta anatabasamu, kitu sijaona tangu kiwanda kimfukuze, akaniambia, "Imeingia. Ilitaka tu mkono." Tukawasha. Feni ikazunguka, skrini ikabaki nyeusi, halafu harufu ya kuungua ikajaa nyumba. Tukarudisha ile ya zamani, bado nyeusi. Zamani ukichomoa RAM mashine ilikuwa inalia pii, pii, sasa hata hailii.

Kesho yake nikifagia nikaona unga wa kijani chini ya meza. Nikafungua sanduku la vifaa vyake, nikatoa tupa, imejaa unga huo huo. Alikuwa ameisugua ile RAM kwa tupa mpaka pengo likahama! Nikairudisha tupa sandukuni, na sasa tunapitana tu ndani ya nyumba tukiulizana chumvi iko wapi.

Halafu akaja jirani yetu Benta, aliyefiwa na baba na alikuwa amenipa kazi ya kitabu, nikamwambia mashine imeharibika, naye bila ubaya akauliza, "Kwani mume wako si fundi?" Kyengo alikuwa amekaa hapo hapo. Benta alipeleka kazi yake kwa mtu mwingine huko Githurai 45, na tangu siku hiyo mume wangu chakula anakigusa tu. Juzi nilimkuta ameketi sakafuni kando ya ile mashine, imefunguliwa, mikono ameiweka mapajani, akaniambia, "Kavata, hata mikono sasa imekataa kazi. Wacha nirudi kwetu Yatta nichunge mbuzi, hapa nakuharibia tu." Nguo zake zimeshaingia kwenye begi. Nimeomba mpaka nimechoka. Nimwambie najua alichofanya, au ninyamaze? Na mashine itapona kweli?

Kavata, Mwiki

Pole, Kavata. Pole sana, mama. Nilifungua kompyuta nyingi pale Thika kabla sijaanza kufungua barua za watu, na hii yako imenikalisha chini.

Nianze na Kyengo. Haiya! Tupa na RAM wapi na wapi? Hilo pengo limewekwa makusudi ili RAM ya aina moja isiingie kwenye bodi kuu ya mashine ya aina nyingine. Kwa unavyoeleza, mashine yako inatumia DDR3, aina ya zamani, na wewe ulinunua DDR4, ya kisasa. Hata umeme zinaotumia si sawa. Kitu kikikataa kuingia, mtu anasimama anauliza. Alikosea, na amekosea vibaya.

Lakini wewe nawe! Makosa ya mumeo umeyaeleza mpaka rangi ya unga, lako umelipitisha mbio mbio ukielekea Ruiru. Alikwambia ubebe sampuli. Ungeziweka mbili pale kaunta ungeliona pengo kwa macho yako mwenyewe. Kuuliza si ujinga, na katika nyumba hiyo aliyetaka uulize ni yeye, ukamcheka. Ulitaka baadaye akwambie vipi kwamba umenunua isiyofaa?

Sasa kazi. Chomoeni waya wa umeme na mtoe RAM zote. Ule unga unapitisha umeme, kwa hivyo safisheni sloti, zile nafasi za kuingizia RAM, kwa brashi laini iliyo kavu. Ile RAM ya zamani isugueni yale meno yake ya rangi ya dhahabu kwa raba ya penseli, muiingize kwenye sloti nyingine, ile ambayo haikulazimishwa, ndipo muwashe. Iliyopigwa tupa isirudi humo kamwe. Sitakudanganya: mashine isiyolia hata bila RAM, mara nyingi bodi yake imeenda, na sioni kama yako itaamka. Isipoamka, tafuteni bodi ya mtumba ya aina ile ile, na safari hii mwende wawili mkiwa na ya zamani mkononi. Vitabu vyako viko kwenye diski, na diski huenda haikuguswa.

Usinyamaze. Kyengo anajua kwamba unajua, maana fundi huona kifaa chake kikisogezwa. Bodi hupatikana, Kavata. Huyo mtu anafunga begi kwa sababu haoni tena kazi yake ndani ya nyumba yenu, na akishafika Yatta hakuna duka la Ruiru utakapompata.

Kwa hivyo leo, kabla ya lile begi kutoka mlangoni, keti naye hapo sakafuni. Usianze na tupa. Anza hivi: "Ulisema nibebe sampuli, nikakucheka." Halafu mpe bisibisi, na wewe ushike tochi.