Karata za Jumamosi na Ile Programu Yako ya Pembeni

Mdogo wangu mpendwa,

Marahaba. Salamu yako nimeiona, na lile swali lako pia: "Dada, mbona Jumamosi siku hizi hupatikani?" Nilitaka kukujibu kwa simu, lakini najijua, ningetukana. Kwa hiyo nakuandikia, tena wazi, asome na mwingine yeyote mwenye ndugu wa kucheza naye.

Unakumbuka tulivyouanza huo mchezo wetu wa karata wa kwenye simu? Ni siku zile za msiba wa mama. Kwetu jembe haligusi ardhi mpaka matanga yaishe, na mimi mtu wa jembe nikawa nimekaa tu nje kwenye nyasi kama gunia, mikono haina kazi, kichwa kinanipasuka. Ndipo ukanisogelea na simu yako. "Dada, shika, chagua karata." Mazimwi, wachawi, mbuzi wenye mabawa, takataka gani sijui! Nikachagua mbuzi. Baba mdogo akatukemea, "Msibani mnachekea simu?" Tukajifunika khanga moja, tukaendelea. Siku hiyo ndiyo nilicheka kwa mara ya kwanza tangu tumzike mama, na wema ule sijausahau.

Ukarudi Biharamulo kwenye kazi yako ya kutengeneza simu, mimi nikabaki hapa Mugoma na migomba na maharage. Lakini Jumamosi jioni, mtandao ukikubali, tulicheza kila mtu kwake, simu kubwa mkononi, kisimu cha kiswaswadu sikioni tukiongea. Na karata zikinigomea, nilikuwa nazungumza. Ndivyo nilivyo, nikikwama lazima nisimulie. Mama alivyomtimua fundi aliyepima mlango akasahau urefu wa baba. Mama alivyoficha mkate ndani ya khanga akitoka mnadani, akakupa wewe kwanza kwa kuwa ni kitinda mimba. Wewe unacheka, unasema, "Endelea dada, ikawaje?" Halafu unanipiga. Kila Jumamosi unanipiga! Nami, mjinga, nikawa natamba kwa majirani kwamba mdogo wangu ananijua huyu, hata akiwa mbali ananisoma moyo.

Kumbe.

Ulipokuja msimu wa kuvuna maharage ukafungua laptop yako mezani, wala hukuficha. Hilo ndilo linalonitia kinyaa zaidi, ulikuwa unajivunia! "Njoo uone kitu, dada." Mchezo katikati, na pembeni ile programu ya kufuatilia karata. Inakuhesabia nilizokwisha kutupa, na kwa kuwa mimi sibadilishi karata zangu, inakuambia zipi zimebaki kwenye fungu langu na ipi iko karibu kutoka, kwa asilimia. Kila mchezo tuliocheza imeuweka. Hapo sikupenda, lakini nikasema basi, vijana na mashine zao.

Halafu ukanionyesha kile kisanduku cha chini, cha kuandikia tabia za mpinzani. Juu jina langu. Chini umeandika mwenyewe: "Akianza habari za mama, hana karata. Shambulia."

Ptuu!

Mama yetu? Mama aliyekubeba mgongoni akipalilia, ndiye umemgeuza dalili kwamba dada kaishiwa? Nilikuuliza, ukanitazama kama mtu asiyeelewa. "Ni mchezo tu, dada. Hata wewe nitakuwekea programu hii." Nitakuwekea! Nikaenda jikoni, nikashindwa hata kuonja zile ndizi nilizokupikia. Wewe ulinichefua. Na wewe ukala, ukaongeza.

Sasa najiuliza, uliposema "ikawaje?" ulikuwa unanisikiliza, au unasoma asilimia? Kile kicheko kilikuwa cha mama au cha ushindi? Sijui, na hapo ndipo uliponiibia. Kushindwa karata si kitu, nimeshindwa makubwa zaidi ya hayo.

Wiki iliyopita shangazi alikuja kutoka Kaniha kunisaidia kupanda. Tulipopumzika akasema, "Hebu nisimulie kidogo vituko vya wifi yangu." Nikafungua mdomo, nikajishtukia. Nikaanza kujipima: kwani leo nimekwama wapi? Ninaficha nini? Shangazi akasubiri, masikini, anatabasamu. Nikamwambia mvua inakuja, tumalizie mstari. Yaani mama yangu mwenyewe nimeona aibu kumtaja, mbele ya mtu aliyempenda, kwa sababu ya sentensi yako moja. Uchafu huo sijui nauoshea wapi.

Mchezo nimeufuta kwenye simu. Usinitumie tena mwaliko. Programu yako baki nayo, ichezee na hao wa mbali usiowajua. Ukitaka kumsikia mama, nauli unayo na njia unaijua, njoo ukae na mimi, laptop iache huko huko. Sitakufukuza, wewe ni wangu, hata nikikuonea kinyaa.

Ila siku hiyo nikianza habari zake, ujue nimemkumbuka tu. Kaandike na hilo.

Dada yako,
niliyebaki nyumbani, Mugoma