Neno la Mjomba Kabla Rita Hajaondoka

Castle Vale,
Birmingham.
16 Novemba 2025

Mpendwa kaka Cleopas,

Nakusalimu wewe, wifi Zeddy na wote wa hapo Moiben. Natumaini goti lako limepata nafuu na kwamba mahindi yameingia ghalani kabla ya mvua kuyaharibu. Sisi tuko salama. Baridi imeanza mapema, na mgongo unanisumbua kidogo kwa sababu ya kuwainua wazee kazini, lakini si wa kulalamikia. Rita hajambo. Amekuwa mrefu kunipita mimi na kumpita marehemu mamake.

Nimeamua kuandika kwa kuwa kwenye simu hatuelewani. Wewe unapandisha sauti, mimi nalia, mtandao unakatika, na tunabaki pale pale. Nyambura wa kanisani kwetu anasafiri kwenda Eldoret wiki hii na amekubali kukufikishia barua mkononi. Nakuomba uisome mpaka mwisho kabla ya kukasirika.

Unasema Ronald anamchukua binti yake kwa karatasi za Amerika kana kwamba hana wajomba. Acha nikueleze jambo hili lilivyokwenda, maana nadhani hukuelezwa vizuri, na wa kukueleza nilikuwa mimi.

Mwaka juzi Ronald alipokula kiapo cha uraia kule Minnesota, sote tulidhani Rita naye amekuwa Mwamerika siku hiyo hiyo. Kwetu mtoto ni wa babake, na alichopata baba mtoto naye amepata. Tulifanya maombi ya shukrani hapa sebuleni, nikapika chapati hadi mikono ikauma. Wewe mwenyewe ulitupigia kutupongeza.

Aliyetuzindua ni Hamdi, tunayefanya kazi naye kwenye nyumba ya wazee. Ni Msomali wa Garissa, mdomo wake hauna breki, na dadake ameshayapitia mambo haya.

"Roselyne, mmekula chapati za bure," akaniambia tukitandika vitanda. "Huyo mtoto bado ni wa Castle Vale."

"Si babake ni raia?"

"Babake, ndiyo. Yeye yuko kwako anakula chipsi. Mwambie baba aulize wakili, na aulize haraka."

Nilicheka, kisha nikampigia Ronald nikiwa bado na aproni. Wakili wake alisema Hamdi hakukosea. Mtoto aliyezaliwa nje anapata uraia kupitia kwa mzazi wake kama hajatimiza miaka kumi na minane, awe amepewa kibali cha kudumu cha kuishi Amerika, na awe anaishi huko chini ya mzazi huyo. Yakikutana yote hayo, anakuwa raia papo hapo bila kula kiapo wala kufanya mtihani. Akishapita umri huo bila kutimiza, si kwamba mlango umefungwa, ila itabidi aanze foleni yake mwenyewe na kungoja miaka kama babake alivyongoja. Rita anatimiza kumi na minane Februari.

Ronald akaanza kumwombea kibali hicho. Tulingoja zaidi ya mwaka.

Kuhusu lile wazo lako, kwamba aende wiki mbili, achukue pasipoti, arudi kwangu, nimelifikiria sana. Sikufichi, lilinivutia. Lakini kaka, anatakiwa aishi na babake kweli. Kusema anaishi huko ilhali kitanda chake kiko hapa ni uongo, na uongo wa namna hiyo utamfuata yeye, hautatufuata sisi. Pasipoti yake ya Uingereza anabaki nayo. Akitaka kuja kuniona, hakuna wa kumzuia.

Sasa nije kwenye linalokuuma. Najua siku ya mazishi ya dada yetu Jepchirchir wewe ndiye uliyesema mbele ya watu kwamba mtoto abaki na mimi, kwa kuwa mimi sina wangu, na kwamba siku Ronald akimtaka aje aketi, aombe, ajibiwe. Ronald alikubali. Alikuwa ametangulia Amerika kwa kazi ya unesi, mama na mtoto wamfuate, ugonjwa ukawahi. Hakumtupa mtoto. Kila Jumapili amepiga simu, hata zile Jumapili Rita alipokuwa hataki kuongea naye.

Na alikuja, kaka. Septemba, kabla ya kwenda London kwenye usaili wa ubalozi, alifika hapa akiwa na koti lake na keki. Zamani alikuwa akiingia anakwenda moja kwa moja jikoni kufunua sufuria. Safari hii aliketi karibu na mlango, mikono magotini, kama mgeni, akangoja.

Hapo ndipo niliposhindwa. Nani wa kumjibu? Mwanamume wa nyumba yetu hayuko Birmingham. Nilikupigia mara nyingi siku hiyo, simu yako ilikuwa imezimwa, na usaili ulikuwa Jumatatu. Nikamwomba Mugambi, mzee wetu wa kanisa anayekaa Sutton Coldfield, aje aketi mahali pako. Ndiyo, ni Mmeru, si Mnandi kama sisi. Nimesikia ulivyosema kwamba nimekodi mjomba. Lakini alivaa tai, alikuja kwa treni siku ya mvua, na alijitahidi.

"Kijana," akamwambia Ronald, "kwanza mbuzi wako wapi?"

Ronald akatazama keki yake. Rita ndiye aliyemwokoa. "Mzee, hapa ni ghorofa ya nne. Mbuzi akipanda kwenye lifti, council wenye nyumba watatufukuza sote."

"Basi mtu wa Minnesota amesamehewa mbuzi," Mugambi akasema. "Lakini sijasamehe maneno. Sema ulichojia."

Ronald akasema. Hakusema habari ya uraia hata kidogo. Alisema amekosa miaka ya mtoto wake, na kwamba anaomba hata hii miezi michache iliyobaki kabla hajawa mtu mzima. Kisha akanigeukia mimi, akaniita shemeji. Mugambi akamwambia kwamba amesikika, ila jibu lenyewe si lake kulitoa, liko Moiben. Nilitaka ujue hilo. Mzee hakujitwalia nafasi yako.

London mambo yalikwenda vizuri. Ofisa alimwuliza Rita ataishi na nani. Akajibu, "Na baba. Aunty yangu atalia, lakini atazoea." Yule mama ofisa akacheka, akamtakia heri. Visa imo kwenye pasipoti, na ndege ni Jumamosi tarehe 6 Desemba.

Nilimwuliza Rita usiku mmoja, tukikunja nguo, kama anakwenda kwa sababu ya uraia. Unajua hunisikia kwa Kiswahili na kunijibu kwa Kiingereza. Alisema uraia ni mzuri, lakini yeye hajui hata babake anakunywa chai ya namna gani asubuhi, na anataka kujua. Nikaona ni sababu nzuri kuliko zote tulizoandika kwenye fomu.

Jepchirchir alikuwa akiketi kwenye ngazi za nje jioni, amejifunika miguu kwa koti la Ronald, akimsuka Rita huku akimhesabia nyumba zenye taa. Akimaliza kusuka alimpulizia shingoni, mtoto akaruka. Mambo kama haya nimemsimulia Rita yote niliyokumbuka. Yaliyobaki anayo Ronald, na mimi siwezi kumpa.

Tatizo lililobaki ni moja, nalo ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Rita amesikia kwamba umekasirika. Wiki iliyopita aliketi juu ya sanduku lake ambalo bado ni tupu, akaniambia wazi kwamba hataondoka mjomba akiwa amenuna. Anakumbuka ulivyomshika mkono kaburini mpaka watu wote wakaondoka. Nilimwambia hasira yako itapita. Akaniuliza kama itapita kabla ya Februari.

Sikuombi umpende Ronald. Umejua kumpenda na umejua kumchukia, na yote mawili ni kwa ajili ya Jepchirchir. Naomba umpigie Rita Jumapili mkitoka kanisani, useme naye mwenyewe, si mimi wala Mugambi. Mwambie kwa Kinandi chetu, polepole, ataelewa. Ukimwambia aende, sanduku litajaa siku hiyo hiyo. Ukimwambia asiende, basi na hilo aambiwe na kinywa chako, ajue limetoka wapi.

Mimi nilikwisha kumjibu Ronald kwa upande wangu. Nilimwambia nimempa.

Msalimie wifi Zeddy, na umwambie sweta aliyoomba iko kwenye mzigo wa Nyambura. Msalimie Chelagat na watoto wake, na Kibiwott kama amerudi kutoka Kitale. Mama nimsalimie vipi? Mshike mikono yake miwili kwa niaba yangu, na umwambie mjukuu wake anamtunzia jina vizuri. Mungu awalinde, awape usingizi mwema na mavuno ya kutosha.

Baada ya tarehe 6 nyumba hii itakuwa na mtu mmoja. Mkiketi kula, mnikumbuke.

Dada yako akupendaye,
Roselyne