Lupango la Miyenzi

Mama Emerance,

Unisamehe kuchelewa kukuandikia. Shemeji Darius aling'oa matete yangu ya lupango, ule uzio wa nyumba, akapanda miyenzi, ile minyaa yenye utomvu mweupe. Nikamuambia, "Papa Darius, maziwa ya muti huu yanaharibu macho." Akacheka: "Kumbe wewe ni agronome, fundi wa mimea!"

Wiki iliyopita mutoto wangu Bénita alivunja tawi, akajipangusa uso na mikono yenye maziwa yake. Jicho lilivimba siku tatu. Leo anaona, Mungu asifiwe, lakini hasira haijanitoka. Miyenzi yote nimeikata mwenyewe, Darius akiangalia.

Sasa nitumie vipande vya matete, kamba za matembele ya viazi vitamu za kupanda zifunike chini, mifuko miwili ya udongo, maana hapa Keshero ni jiwe tupu la volkano, na barua yako kwa Darius: asipande tena kitu mahali mutoto anacheza bila kuniuliza.

Binti yako,
Apolline