Injini Inazunguka, Haiwaki

3 Mei

Mwanangu fundi,

Hujambo huko? Kazi inakwendaje? Sisi wazima, mgonjwa ni gari. Nikipiga stata, injini inazunguka kwa nguvu zake zote, lakini haiwaki. Betri nzima, mafuta yapo. Fundi wa mtaani alichomoa plagi, akasema moto upo, kisha akataka kubadilisha nusu ya gari. Nikamfukuza.

Mama yako ananiambia nipumzike. Nitapumzikaje? Maisha yangu yote nimelishwa na usukani. Sasa nazunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Niambie nianzie wapi.

Baba yako

14 Mei

Shikamoo Baba,

Mimi sijambo, gereji tu imenibana. Injini ikizunguka hivyo, betri na stata hazina kosa. Moto upo, basi mafuta ndiyo hayafiki. Washa swichi bila kupiga stata, utege sikio nyuma. Pampu ikiwa hai, utasikia mvumo mfupi kwenye tangi. Kukiwa kimya, usikimbilie kununua pampu. Fungua kisanduku cha fyuzi chini ya dashibodi, uangalie fyuzi yake kwanza. Mchoro uko nyuma ya kifuniko.

Na Mama je? Umemtaja kwa mstari mmoja tu.

Binti yako

29 Mei

Marahaba mwanangu,

Barua imetukuta wazima wa mwili. Nilitega sikio: kimya. Nikafungua kisanduku. Maandishi yale ni kama miguu ya sisimizi, nikamwita mama yako anisomee. Hakusoma. Alisema, "Fyuzi ya pampu usiitafute. Ninayo mimi."

Aliichomoa siku tuliyotoka sokoni. Kumbe zamani alipokuwa akikushikia tochi ukitengeneza gari, alikuwa anajifunza. Anasema nilipita taa nyekundu, mwanamke mwenye mtoto mgongoni akaruka pembeni, nami nikauliza watu wanapigia nini kelele. Mwanangu, sikumwona mtu. Hilo ndilo halinipi raha, nikikaa, nikisimama.

Lakini aliponiambia hayo nilipandwa na hasira. Nikaenda kununua fyuzi nyingine, nikaichomeka, gari likawaka papo hapo. Mama yako akaja kusimama mbele ya boneti. Nikamwambia apishe. Akanyoosha kidole kwenye kibao kipya cha duka la ng'ambo ya barabara.

"Nisomee kile, nikupishe."

Nilikodoa mpaka machozi yakanitoka. Niliona rangi tu. Nikazima gari.

Jana alinishika mkono tukaenda kwa daktari wa macho. Daktari amesema jicho moja huenda likaokolewa, la pili tusahau.

Njoo ulichukue gari. Usingoje likizo. Ufunguo bado uko mfukoni mwangu, na mkono hauishi kuupapasa.

Baba yako